Maswali ya Wasomaji: Mwanga Ulioliwa Umekwenda Wapi?

Katika toleo lililopita tulichapisha muhtasari wa riwaya ya fantasia ambayo mmoja wa wasomaji wetu anaendelea kuiandika. Ndani yake mna kiumbe mkubwa anayeishi milimani na kufyonza mwanga wote unaomfikia, na mna taji la shaba ambalo malkia hulivaa ili asome mawazo ya yeyote anayesimama mbele yake. Mwandishi wa riwaya hiyo ametuandikia tena akiwa na maswali, na wasomaji wengine nao wameleta ya kwao. Ninayajibu hapa kwa pamoja, kwa kuwa yote yanamhusu kiumbe yule na taji lile.

SWALI: Rafiki yangu aliyesomea fizikia ameusoma mswada wangu, akasema kwamba kiumbe wangu hawezekani. Je, mwandishi wa fantasia analazimika kufuata sayansi? Nikiifuata, naogopa hadithi itapoteza ajabu yake.

JIBU: Hulazimiki, na usikubali rafiki yako akunyang'anye kiumbe wako. Msomaji anayefungua riwaya ya fantasia amekwisha kukubali, tangu ukurasa wa kwanza, kwamba ataonyeshwa jambo lisilowezekana. Asichokubali, na ana haki ya kukikataa, ni jambo hilo kutokea bila kuacha alama yoyote katika ulimwengu unaolizunguka.

Isitoshe, sehemu ambayo rafiki yako anaiona haiwezekani ndiyo inayowezekana zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya Surrey NanoSystems ya Uingereza ilitangaza kitu kinachoitwa Vantablack, ambacho ni mirija midogo mno ya kaboni iliyosimama wima kwa msongamano kama miti ya msituni. Mwanga unaoingia kati ya mirija hiyo hugonga huku na huku hadi ukamezwa, na kinachomezwa ni asilimia 99.965 ya mwanga unaoonekana. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza kitu kingine cha kaboni kinachomeza angalau asilimia 99.995. Hata viumbe hai wamefika karibu na hapo bila maabara yoyote. Mwaka 2020 watafiti walieleza aina 16 za samaki wa kina kirefu cha bahari ambao ngozi yao hurudisha chini ya asilimia 0.5 ya mwanga, na mmoja kati yao hurudisha asilimia 0.04 tu. Ngozi ya samaki hao imejaa vifuko vya melanini, rangi ileile iliyo katika ngozi na nywele za binadamu, vilivyopangwa kwa kubanana kiasi kwamba mwanga unaokikosa kifuko kimoja hutupwa pembeni na kuangukia kingine. Wako samaki wa kina hicho ambao hata utumbo wao ni mweusi kwa ndani, na wanasayansi wanaeleza kwamba weusi huo huzuia mawindo yanayong'aa yasimfichue aliyeyameza. Ninapendekeza ulitunze jambo hili, kwa sababu mnyama anayelazimika kukificha chakula chake tumboni mwake mwenyewe ni tunu kwa mwandishi.

Kwa hiyo ufyonzaji wenyewe si tatizo. Swali ambalo rafiki yako angepaswa kukuuliza ni hili: mwanga ulioliwa umekwenda wapi? Nishati haipotei, hubadilika umbo tu, na mswada wako unanyamaza kabisa kuhusu umbo hilo. Kiumbe anameza jua kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha anarudi pangoni akiwa vilevile alivyotoka, na hapo ndipo msomaji makini anaposita hata kama hajui fizikia.

Tufanye hesabu kidogo. Jua la utosini huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Mwili wa mtu mzima aliyepumzika hutumia wati 100 hivi. Kiumbe mwenye mita moja ya mraba ya ngozi iliyoelekea jua anapokea, kwa hesabu hiyo, nguvu inayowatosha watu kumi waliolala. Lakini kupokea si kushiba. Mimea yenyewe, ambayo kazi hii imeifanya tangu enzi zisizohesabika, kwa kawaida hugeuza karibu asilimia moja tu ya nguvu ya jua kuwa chakula, na asilimia moja ya wati 1,000 ni wati 10, kiasi kisichoweza kumwendesha mnyama mkubwa anayepanda milima. Yuko konokono wa baharini asiye na gamba, Elysia chlorotica, ambaye hula mwani na kuzihifadhi mwilini mwake chembe za kijani za mwani huo zikiwa bado zinafanya kazi kwa miezi kadhaa. Lakini konokono huyo ni mdogo, bapa kama jani, na hana haraka. Umbo lake linakwambia jinsi mla mwanga anavyotakiwa kuwa: mpana, mwembamba, mtulivu. Ikiwa wako ni mnene na mwepesi wa mbio, basi mpe chakula kingine cha kuongezea, au umpe mabawa mapana ambayo hayatumiki kuruka bali kutandazwa.

Na zile wati 990 zilizobaki? Zinakuwa joto. Bamba jeusi kabisa, lisilopigwa na upepo na linalopoa kwa njia moja tu ya kurudisha mnururisho kupitia uso wake ulioelekea jua, lingekaribia nyuzijoto 90 chini ya jua hilo la utosini. Maji yakiwa nyuzijoto 90 hutoa mvuke na kuunguza ngozi. Tazama basi alivyo kiumbe wako: mchana kweupe, ambapo ulimwonyesha akistarehe kama mfalme kwenye karamu, ndipo anapokaribia kufa kwa kuiva. Na usiku unaodhani ni wake ni njaa tupu, kwa maana mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua takriban mara 400,000. Saa zake za kuishi ni alfajiri na magharibi, pale jua linapolala chini kwenye upeo na kuleta chakula kisichochoma. Saa zinazobaki anajificha ama asiungue ama asitumie nguvu bure. Katika mswada wako nimesoma vita viwili kati ya kiumbe huyu na askari wa malkia, na vyote viwili umevipanga usiku wa manane. Vihamishie saa sita mchana, kwenye bonde lisilo na kivuli, utaona vinageuka kuwa vita tofauti kabisa, ambamo askari wana silaha wasiyojua kwamba wanayo.

Liko jambo jingine kuhusu joto hilo. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, akaona kwamba kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, ndicho kilichopanda kuliko vingine. Ule ni mwanga pia, ila hatuuoni. Leo unaitwa infraredi, na kila mwili wenye joto huutoa. Maana yake ni kwamba kiumbe wako hawezi kujificha kikamilifu. Anachukua mwanga unaoonekana na kutoa usioonekana, na mtu anayempitia kwa karibu gizani angehisi joto shavuni upande mmoja, kama aliyepita kando ya ukuta uliopigwa na jua kutwa nzima. Mimi ningeacha msomaji akutane naye kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, kwenye shavu, kabla ya jicho.

SWALI: Mimi si mwandishi, ni msomaji tu. Katika hadithi nyingi viumbe wa giza huelezwa kuwa "weusi kama mkaa" au "weusi kama usiku", na sioni kitu chochote akilini. Kiumbe asiyerudisha mwanga kabisa angeonekanaje?

JIBU: Hakosei msomaji asiyeona kitu, kwa kuwa tashbihi hizo zimechoka, na ile ya mkaa haina hata ukweli. Mkaa humeta. Ukiutazama juani unaziona kona zake, mipasuko yake na nyuso zake, na unaona hayo yote kwa sababu mkaa unarudisha mwanga kidogo katika kila upande. Umbo la kitu tunalipata kutokana na tofauti ndogondogo za mwanga na kivuli juu ya uso wake. Zikiondoka tofauti hizo, umbo nalo linaondoka. Waliotazama kitu kilichopakwa weusi wa kiwango hicho husema kwamba hawaoni kitu cheusi, wanaona tundu. Mpira unaonekana duara bapa, na karatasi iliyokunjwakunjwa inaonekana kama imenyooshwa.

Kwa hiyo kiumbe huyo hana pua wala makunyanzi, na huwezi kujua kama amekupa mgongo au amekukabili. Kinachoonekana ni ukingo wake tu. Akikaa tuli mbele ya mlima, mlima unaonekana una pengo; akigeuka, pengo linabadilika umbo, na mtazamaji hana njia ya kujua kama kiumbe anasogea karibu au anazidi kuwa mkubwa. Hofu iliyomo humo ni kubwa kuliko ya meno na kucha, nami nasikitika kila mara mwandishi anapompa kiumbe wa namna hii macho mekundu yanayowaka, kwa sababu macho hayo yanamrudishia mtazamaji kila alichonyang'anywa: mbele, nyuma na umbali.

Wapo ndege, wale waitwao ndege wa peponi wa New Guinea, ambao madume yao yana manyoya yanayofyonza hadi asilimia 99.95 ya mwanga. Watafiti walioyachunguza mwaka 2018 walieleza kwamba weusi huo huyafanya mabaka ya rangi yaliyo kando yake yaonekane kama yanawaka yenyewe. Mwandishi anaweza kuutumia ujuzi huo kwa namna ya upole: chochote kinachosimama karibu na kiumbe huyo, hata maua madogo ya mwituni au uso wa mtoto, kingeonekana kuwa na rangi kali kuliko kawaida yake.

Mmoja wa wasomaji ameuliza pia kama kiumbe wa aina hiyo anaweza kuona, akidhani kwamba anayemeza mwanga lazima awe kipofu. Ni kinyume chake. Kuona kwenyewe ni kumeza mwanga. Zamani wako wanafalsafa walioamini kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, ndiye aliyeeleza kwa hoja na majaribio kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Mboni ya jicho lako ni nyeusi kwa sababu hiyohiyo: mwanga unaingia na karibu wote haurudi. Kiumbe wa riwaya yetu ni mboni mwili mzima. Mwandishi akipenda, anaweza kusema kwamba ngozi yake yote inaona.

SWALI: Je, akiingia mjini mji wote unaingia giza?

JIBU: Hapana, isipokuwa umemwekea uchawi wa ziada. Ngozi nyeusi inameza mwanga unaoiangukia; haiwezi kuuita mwanga uliokuwa unakwenda kwingine, kwa kuwa mwanga hauvutwi kwa njaa. Chumba chenye taa moja kitapungua mwangaza kidogo akiingia, kwa sababu sehemu kubwa ya nuru ya chumba hurudishwa na kuta zake, na yeye amezikinga baadhi. Ukitaka giza la mji mzima, mtandaze juu ya mji kama wingu, au umfanye mwenye uzito wa kuupinda mwanga kama yanavyofanya mashimo meusi ya angani, na uzito huo ungeumeza mji wenyewe kabla ya taa zake.

SWALI: Nimekwama kwenye jina. Nilimwita "Mla Mwanga", lakini shangazi yangu aliposoma sura ya kwanza aliuliza kwa nini kiumbe huyo anakula wachawi. Nifanyeje?

JIBU: Shangazi yako amesoma kwa usahihi, na swali lake ni zawadi. Neno "mwanga" kwa Kiswahili ni maneno mawili yanayofanana sura. Moja ni la mianga, yaani nuru. Jingine ni la wanga, yaani wale wanaowanga usiku. Ngeli ndiyo inayoyatenganisha: mwanga huu umezimika, mwanga huyu amekimbia. Katika jina "Mla Mwanga" hakuna kivumishi wala kitenzi cha kutoa mashaka, basi maana zote mbili zinabaki hai. Unaweza kulikimbia jambo hilo kwa kuandika "Mnywanuru" au "Mlanuru", ingawa ujue kwamba "nuru" ina uzito wake: tunasema nuru ya uso na nuru ya imani, na anayekunywa nuru ataonekana anakunywa neema za watu pamoja na miale ya taa zao. Neno la vitabu vya sayansi, "kusharabu", ni sahihi, lakini linamfanya kiumbe kuwa kama sifongo kisicho na nia. Mimi, kama ningekuwa wewe, nisingelikimbia jina la kwanza. Ningewaacha wanakijiji wenyewe wabishane: wazee wakisema anakula wanga na hivyo ni mlinzi wao, vijana wakisema anakula mianga na hivyo ni adui. Mgogoro mzima wa riwaya ungekaa ndani ya neno moja ambalo kila mtu analitamka sawasawa.

Niongeze neno kuhusu ngeli hiyohiyo. Katika sura ya kwanza umeandika "kiumbe yule alisogea". Upatanisho wa "yule" na "a-" umekwisha kumwambia msomaji kwamba kile kilichoko mlimani ni hai, na kina nafsi. Umemfichulia mapema mno. Anza na "kitu kile kilisogea", au kama unataka kitishe, "dude lile lilisogea", na uendelee hivyo kurasa nyingi bila kulegeza. Kisha, siku mhusika wako atakapotambua kwamba pengo lile mlimani linamtazama, badilisha kiambishi kimoja tu: "alisogea". Hutahitaji kueleza chochote. Msomaji wa Kiswahili ataliona badiliko hilo hata kama hawezi kusema ameliona wapi.

SWALI: Taji la malkia linanitesa. Tangu alivae katika sura ya pili hakuna siri inayobaki, na hadithi imesimama. Je, nilivunje?

JIBU: Usilivunje. Kosa si kwamba taji lina nguvu kupita kiasi. Umelifanya lisome mawazo kana kwamba mawazo ni barua iliyokwisha kuandikwa, inayosubiri kufunguliwa bahasha. Wazo la mtu halijaandikwa. Ni picha nusu, jina nusu, maumivu ya goti, wimbo uliokwama tangu asubuhi, na hofu isiyo na maneno, vyote kwa wakati mmoja. Anayesoma hayo lazima ayatafsiri, na kila panapohitajika tafsiri pana nafasi ya kukosea. Humo ndimo hadithi yako itakamopata pumzi.

Historia ya jambo hili inaanza na mtu aliyekuwa na ndoto kama ya malkia wako. Mjerumani Hans Berger, akiwa askari kijana katika miaka ya 1890, alianguka kutoka kwenye farasi mazoezini na kunusurika kifo kwa nafasi ndogo mno. Siku hiyohiyo alipata simu ya maandishi kutoka kwa baba yake akiulizwa hali, kwa sababu dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na wasiwasi mkubwa juu yake. Berger aliamini kwamba hofu yake ilikuwa imesafiri hadi kwa dada yake, na akaitoa sehemu kubwa ya maisha yake kuutafuta msingi wa kimwili wa safari hiyo. Hakuupata. Alichokipata, mwaka 1924, na kukichapisha mwaka 1929, ni njia ya kuurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kupitia kichwani, njia ambayo hospitali hutumia hadi leo kuchunguza kifafa na usingizi. Alitafuta ujumbe, akapata mawimbi.

Leo tumefika mbali zaidi, na mipaka iliyobaki inafundisha kuliko mafanikio. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha matokeo ya programu inayotafsiri picha za ubongo zinazopigwa na mashine ya MRI kuwa maneno. Kila mshiriki alilala ndani ya mashine hiyo kwa saa 16 hivi akisikiliza masimulizi, ili programu ijifunze ubongo wake. Baada ya hapo iliweza kutoa kiini cha alichokuwa akisikia au kukiwazia, mara nyingi kwa maneno mengine kabisa. Programu iliyofunzwa kwa mtu mmoja haikufaa ilipotumiwa kwa mwingine. Na mshiriki aliyetaka kuizuia aliweza: alihesabu kimoyomoyo kwa kuruka saba saba, alitaja majina ya wanyama, au alijisimulia hadithi nyingine, na tafsiri ikavurugika.

Waliosema akili ni nywele, kila mtu ana zake, hawakuwa wanazungumzia mashine, lakini methali hiyo ingefaa ichongwe ndani ya taji lako. Chukua mipaka hiyo mitatu uigeuze kuwa sheria za shaba. Taji linahitaji muda mrefu wa kumzoea mtu. Linatoa kiini wala si maneno yake. Na anayejua linavyofanya kazi anaweza kulichezea. Mara moja hadithi inapata milango. Malkia hawezi kumsoma mjumbe mgeni aliyefika leo, hata kama ana kisu ndani ya joho. Anayeweza kumsoma kikamilifu ni binti yake, na yaya aliyemlea, na mume aliyelala ubavuni mwake miaka 20, watu walewale ambao hakuwa na sababu ya kuwashuku, na ambao ataanza kuwashuku kwa sababu tu ndio anaoweza kuwasoma. Sipati picha ya mkasa mzito kuliko huo katika mswada wako wote. Mpelelezi naye hahitaji uchawi wa kujikinga; anahitaji kuhesabu saba, kumi na nne, ishirini na moja, huku akitabasamu, na msomaji anayejua sheria atahesabu naye.

Jiulize pia taji linavaliwa wapi. Umeliweka kichwani kwa sababu mataji huvaliwa kichwani. Lakini wahusika wako wenyewe, kila wanapowaza, umewaandika "akajisemea moyoni", "aliliweka moyoni", "moyo wake ulimwambia". Kiswahili huweka wazo kifuani. Kama taji linasoma kichwa pekee, je, linayakosa yale yanayosemwa moyoni? Sikuambii ujibu kwa njia fulani. Nakuomba usilipuuze, maana watu wa ufalme huo wangeweza kuamini kwamba yapo mahali pawili pa kuwazia, na kwamba malkia ana ufunguo wa mahali pamoja tu.

SWALI: Je, ni haki kwa malkia kusoma mawazo ya raia wake ikiwa anawalinda?

JIBU: Mimi naona si haki, na nadhani riwaya itakuwa na nguvu zaidi ikiwa malkia mwenyewe anaamini kwa dhati kwamba ni haki. Swali hili limekwisha kutoka kwenye hadithi: mwaka 2021 Chile iliibadilisha katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo wa mtu na taarifa zinazotokana nazo. Nchi iliona vyema kuweka uzio kabla taji halijamaliza kufuliwa.

SWALI: Swali la mwisho la mwandishi wa riwaya: katika sura ya kumi na mbili malkia anampandia kiumbe mlimani akiwa amevaa taji. Atasoma nini?

JIBU: Nimeliacha swali hili mwisho kwa sababu ndilo ninalolipenda. Kwa sheria tulizoziweka, mara ya kwanza hatasoma kitu. Taji halijamzoea kiumbe huyo, na itambidi akae naye saa nyingi kama wale waliolala ndani ya mashine wakisikiliza masimulizi. Sura ya kumi na mbili haiwezi kuwa tukio la dakika moja. Ni siku kadhaa za kukaa pamoja, mmoja akipoa pangoni, mwingine akisubiri.

Kisha kumbuka mawimbi ya Berger. Wimbi la kwanza alilolitambua, la mapigo kama kumi kwa sekunde, huonekana sana mtu anapotulia macho yakiwa yamefumbwa, na hupungua mara anapoyafumbua. Hilo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ambayo binadamu amewahi kuyasoma ndani ya kichwa cha mwenzake: sio siri, sio nia mbaya, ila kama mwanga unaingia au hauingii. Sasa huyu wako ni jicho mwili mzima, na jicho hilo halina kope. Maadamu kuna mwanga wowote, hata wa taa ndogo mkononi mwa malkia, anaona pande zote kwa mara moja, juu na chini, mbele na nyuma, bila uwezo wa kufumba. Taji lililofuliwa kwa ajili ya watu litajaribu kuitafsiri hali hiyo kwa lugha ya mtu mwenye macho mawili, na litakachomletea malkia kitakuwa mmiminiko usio na kituo, wenye kuumiza, ambao yeye ataudhania kuwa hasira. Nadhani ndiyo maana ufalme umeamini miaka yote kwamba kiumbe huyu ana hasira. Kila aliyewahi kumkaribia alikwenda na mwenge.

Utulivu wake unakuja katika giza kamili tu, na giza kamili kwake ni njaa. Malkia akitaka kumsikia, inambidi amshindishe njaa kidogo, naye akae haoni chochote, ubavuni mwa mwili mkubwa ambao anaujua kwa joto lake shavuni, akiwa amevaa shaba inayoanza taratibu kumletea kitu kisichofanana na wazo la mtu yeyote aliyewahi kumsoma. Ningeianza sura hiyo kwa malkia kuipuliza taa yake mwenyewe.